Haikwaruzi tena!

Leo Peugeot 504 ya marehemu baba imewaka pale gereji Majengo, bila ule mkwaruzo.

Wota pampu mpya, ile ya kuzungusha maji ya kupoza injini, ilikuwa ikizunguka kidogo, inakwama. Fundi akaifungua.

Ndani, pale inapokaa, alama inang'aa kama mwezi mwandamo. Mapangaboi ya pampu yalikuwa yanakula chuma!

Mzee fundi akabandika pale udongo wa watoto wa kuchezea, akafunga pampu, akaifungua, akapima unene wa udongo uliobanwa ajue nafasi iliyopo.
"Gasketi hii, karatasi ya kuziba kati ya pampu na injini, ni nyembamba, mwanangu, ndiyo maana panga zinagusa. Nayo ikizidi unene, maji hayasukumwi vizuri."

Akakata nyingine kwa mkasi, polepole, tundu moja moja. Nilimtazama tu. Mikono ile, mashallah!

Aina hii ilishinda Safari Rally 1975 na 1978. Haifai kuozea uani.

Wenye magari ya zamani hapa Mombasa, gasketi mnakata au mnanunua? Wapi?