Kumbukumbu ya mradi: taa ya ramu iliyonidanganya siku nane

Jana usiku, saa nne na robo, kompyuta yangu mpya ya gemu ilionyesha picha kwa mara ya kwanza, baada ya siku nane za kutazama taa moja ndogo iliyokataa kuzimika. Ninaandika mapema kabla sijaanza kujisifu, kwa kuwa sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu.

Waliosoma kumbukumbu zilizotangulia wanajua jinsi ubao mama wa zamani, bodi kuu inayobeba vipande vyote vya kompyuta, ulivyokufa. Chumba changu kipo Raskazone na dirisha linatazama bahari. Watu husema Tanga ni waja leo, waondoka leo, lakini chumvi ikishaingia kwenye sloti za ramu, vijiti vya kumbukumbu ya muda, haina safari ya kurudi: nilipoufungua ubao ule nilikuta kutu ya kijani imeshika miguu ya shaba, na hakuna spiriti wala mswaki uliofaa kitu. Kwa sababu hiyo, safari hii sikutafuta taa za rangi. Nilitafuta ubao wenye vipoza joto juu ya mosfeti, swichi ndogo za umeme zinazolisha prosesa, kapasita kavu, taa nne za uchunguzi zinazoonyesha hatua ambayo kompyuta imekwama, na kitufe cha kuandika upya BIOS, programu ndogo ya ubao inayoiamsha kompyuta, bila prosesa kuwepo. Hicho cha mwisho nilikiweka kwenye orodha kwa ubishi tu, nisijue kwamba ndicho kitakachoniokoa.

Uchaguzi wa chipseti, chipu inayoratibu ubao, haukunichukua muda mrefu. Nilikuwa tayari na prosesa ya Ryzen 5 5600 na ramu za DDR4, kwa hiyo kuhamia soketi ya AM5, iliyotoka mwaka 2022 na isiyopokea DDR4 kabisa, kungenilazimu kununua vitu vitatu kwa mpigo. Chipseti ya B450 ilikuwa na bei nzuri, ila inaishia PCI Express toleo la 3, yaani njia za data za kadi, na kadi yangu ya picha ya Radeon RX 6600 hutumia njia 8 tu kati ya 16. Ukizipunguzia kasi hizo chache, umeibana kadi bila sababu. Bodi za A520 nilizoonyeshwa zilikuwa na mosfeti zilizo wazi, nami sikutaka kuziona zikihangaika na joto la kaskazi. Ikabaki B550. Muuzaji alinihesabia awamu za umeme, yaani makundi ya mosfeti yanayogawana kazi ya kulisha prosesa, kana kwamba anahesabu mayai, lakini idadi hiyo peke yake haisemi mengi, kwa sababu baadhi ya watengenezaji hugawanya awamu moja iwe mbili na kuipa jina jipya. Mimi nilipima kwa kidole unene wa kipoza joto, nikalipa.

Nikaunganisha, nikawasha. Feni zikazunguka, skrini ikabaki nyeusi, na taa ya ramu ikawaka ikaganda.

Siku tano zilipotea kwenye ramu. Nilijaribu kijiti kimoja kimoja katika kila sloti, nikasugua miguu yake kwa raba ya shule, nikatoa betri ndogo ya CR2032 inayohifadhi mipangilio ya ubao usiku kucha, nikaazima vijiti vingine kwa rafiki wa Chumbageni, kisha nikaanza kuishuku pawasaplai ambayo haikuwa na hatia. Siku ya sita nilimpelekea ubao fundi wangu wa Ngamiani, mtu mzima aliyeanza kazi na redio za betri. Nilimwamkia, akaitikia, akaugeuza ubao mara mbili bila kugusa kifaa chochote, akasema: "Mwanangu, kabla hujamlaumu mtoto, muulize mama kama anamjua."

Nilisimama pale kama mlingoti. Chipseti ya B550 iliingia sokoni Juni 2020, na prosesa yangu ilitoka Aprili 2022. Ubao uliokaa kwenye boksi tangu mwanzo hubaki na BIOS ya mwanzo, ambayo haijapata kuisikia prosesa hiyo. Na kwa kuwa kidhibiti cha ramu kimo ndani ya prosesa yenyewe, ubao usiomtambua mgeni hukwama palepale kwenye hatua ya ramu, ukawasha taa ya ramu. Taa haikusema uongo hasa. Ilisema ilipokwama, nami nikadhani inataja kilichoharibika.

Kitufe nacho hakikukubali kirahisi. Kinahitaji pawasaplai na nyaya zake mbili tu, hakihitaji prosesa wala ramu, lakini kinachagua flashi kama bibi harusi anavyochagua kitenge. Flashi yangu ya GB 64 ilikuwa katika mfumo wa faili wa exFAT, ambao hakikuukubali. Taa ikapepesa kidogo, ikaganda. Nikachukua flashi kuukuu ya GB 8, nikaiweka katika mfumo wa FAT32, ikagoma tena. Kosa la pili lilikuwa la aibu: Windows huficha kiambishi cha mwisho cha jina la faili, nami nilipolibadilisha jina nikakiandika mara mbili. Nilipolisahihisha, nikaazima UPS, betri ya akiba, ya jirani, maana umeme ukikatika katikati ya uandishi ule umebaki na trei ya kuandalia chai, nikabonyeza. Taa ilipepesa kwa dakika kadhaa, ikazimika yenyewe. Nikarudisha prosesa, nikawasha, picha ikatoka.

Kuhusu zana, nasema tena: bisibisi yenye sumaku ina thamani kuliko seti nzima ya vifaa vya boksi la bei rahisi, na taa za uchunguzi ni bora kuliko kispika cha milio, ilimradi uzisome kwa akili zaidi kuliko nilivyozisoma mimi.

Leo nilipanga kupima joto la mosfeti kwa saa nzima ya gemu nzito. Sijapima. Asubuhi niliona mkebe wa vanishi ya akriliki inayokinga bodi za umeme dhidi ya unyevu, na sikuweza kuwaza jambo jingine. Siwezi kuujaribia ubao mpya, kwa hiyo nimeuchukua ule wa zamani, marehemu, nikaziba soketi na sloti kwa utepe wa karatasi wenye gundi, nikausugua ukang'aa shaba, nikapaka nusu na kuacha nusu nyingine wazi. Sasa unaning'inia barazani, umeelekea baharini.