Mistari ya Guido

Jumanne, usiku

Nimerudi kutoka mazoezini saa tatu na nusu, usingizi hauji. Leo mwalimu alitugawia wimbo ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuusikia. Hakugusa kinanda, hakutuimbia mfano. Alitupa do tu, akainua mkono. Tukaanza kusoma kwa woga, sisi wa sauti ya nne tukiburuta nyuma, na tulipofika ubeti wa pili wimbo ulikuwa umesimama katikati yetu, mzima. Mwili ulinisisimka.

Miaka yote hii nimeimba kwa kukariri. Mwalimu wetu wa kwanza alipofariki aliondoka na nyimbo zake nyingi. Tulibaki tukibishana besi ilishukia wapi. Labda ndiyo maana, watu wanapohesabu mageuzi makubwa ya muziki wa Ulaya na kuanzia kwa Beethoven, au kwa ule usiku wa Mei 29, 1913 watazamaji wa Paris walipochafuka kwa ajili ya baleti mpya ya mtunzi Stravinsky, moyo wangu unarudi nyuma zaidi, kwa mmonaki mmoja wa Italia wa karne ya 11: Guido wa Arezzo.

Akiwa kwenye abasia, yaani monasteri, ya Pomposa aliona waimbaji wakisota miaka kumi kujifunza antifona, nyimbo fupi za ibada, kwa sikio. Alama zilikuwepo juu ya maneno, lakini zilimsaidia anayeujua wimbo tayari: sauti ipande, sauti ishuke, kwa kiasi gani hazikusema. Guido akapanga mistari, wa fa mwekundu, wa do wa njano, akaziweka alama juu ya mistari na katika nafasi zake. Kila sauti ikapata makazi. Kisha akachukua utenzi wa kumsifu Yohane Mbatizaji, ambao vifungu vyake sita vya kwanza kila kimoja huanza ngazi moja juu ya kilichotangulia, akaokota silabi: ut, re, mi, fa, sol, la. Hiyo ut ndiyo do yetu ya leo.

Wenzake Pomposa walimwonea kijicho, akahamia Arezzo. Lakini Papa Yohane XIX alimwita Roma, akakifungua kitabu cha Guido, na Papa hakuinuka mpaka alipoimba mwenyewe kifungu cha wimbo ambacho hakuwahi kukisikia. Kisa hicho nilikisoma zamani kikapita. Leo nimekielewa kwa koo langu.

Karne ya 19 huko Uingereza, Sarah Glover na baada yake John Curwen walizigeuza silabi hizo kuwa herufi, d r m, na wamisionari wakazileta huku. Ndizo zilizo kwenye karatasi niliyokunja mfukoni.

Mistari haishiki kila kitu. Haiwezi kuandika jinsi mama mmoja wa sauti ya pili anavyovuta neno "Bwana" hadi kanisa linanyamaza. Lakini yeye ndiye anayezikumbuka nyimbo za marehemu kuliko sisi sote. Kesho jioni nakwenda kwake. Daftari nimeshanunua.