52 kwa 48

Nimetoka mahakamani sasa hivi, hapa Florida, na kichwa bado kinazunguka.

Kesi ya ajali ya gari. Mimi niko upande wa utetezi, lakini nabeba mafaili tu, msinione mkubwa 😅

Karani akasoma uamuzi wa juri: mdai ana asilimia 52 ya kosa, mteja wetu 48.

Zamani hata ungekuwa na kosa kwa asilimia 90, ulilipwa ile 10 iliyobaki. Sheria iliyosainiwa Machi 24, 2023 ikabadilisha: kwenye kesi za uzembe ukivuka 50, hupati hata senti. (Uzembe wa matibabu haumo humo.) Muda wa kufungua kesi nao ukakatwa, miaka 4 ikawa 2.

Mdai hakuelewa mara moja.

Alitabasamu kwanza. Nadhani alisikia 48 akaanza kupiga hesabu. Wakili wake akamwinamia sikioni, na lile tabasamu likaondoka polepole mno.

Tumeshinda kihalali, sibishi. Ila pongezi za pale koridoni zilinishinda kupokea.

Mnaofanya kazi hizi, mngelala vizuri leo? Niambieni.