Mpini uliopimwa kwa mhogo

Kisu cha bibi kilifuliwa kwa springi ya gari na mhunzi ambaye mimi sikumkuta. Nilichokikuta ni bibi akikitumia kwa kila kitu: kuparia samaki, kumenya mihogo, kukatia kamba, hata kukwangulia ukoko. Kilikuwa kimenolewa miaka na miaka mpaka upana wake umebaki vidole viwili. Mpini wake ulipasuka zamani, akaufunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ukilegea anafunga tena. Harufu ya samaki iliyojikusanya mle ndani ya mpira haikutoka hata kwa ndimu.

Mwaka 2002 nilikuwa mwaka wa pili najifunza useremala Keko, Dar es Salaam. Waliopitia hapo wanajua: mwaka wa kwanza unafagia maranda, wa pili unajiona fundi. Idi kubwa ya mwaka ule nilikwenda Mchinga, Lindi, kumsalimia bibi, nikakiona kile kisu na matambara yake, nikaona aibu. Mjukuu seremala, bibi anakatia mpira! Nikamwambia nitaondoka nacho nikakitilie mpini. Nikamwachia kisu cha dukani chenye mpini wa plastiki.

Niliutaka mpingo, si kingine. Nilikwenda Mwenge kwa wachonga vinyago, nikapata kipande walichokibakiza, kwa bei ya sahani ya wali na maharage. Asiyewahi kufanya kazi na mpingo hawezi kujua ubishi wa mti ule. Ukiutia majini unazama. Keekee inalia na kutoa moshi, na vumbi lake jeusi linakupigisha chafya mpaka jioni. Kipande cha kwanza nilikipasua kwa haraka zangu. Nilidhani nitapasha moto ule mkia wa kisu na kuusukuma tu, uunguze njia yake wenyewe. Mpingo haukukubali. Ukatoa ufa kutoka mwanzo hadi mwisho kwa sauti kama ya kuvunja kijiti, na wenzangu wakacheka. Cha pili nilikitoboa pole pole, nikakitia gundi ile ya kuchanganya mbili, nikakatia noleo kwa bomba la shaba la friji. Noleo ni ile pete inayoukaba mpini pale chuma kinapoingilia, usije ukapasuka. Nikapiga msasa mpaka namba ya mwisho, nikapaka nta, nikasugua kwa kitambaa. Fundi wangu, mtu asiyesifu kitu, alikishika akakigeuza akasema, "Huyu bibi ana bahati." Wiki nzima nilitembea na maneno hayo.

Nikarudi nacho mwezi wa tano, masika hayajaisha sawasawa. Daraja la Mkapa lilikuwa bado halijafunguliwa, kwa hiyo Rufiji tulivuka kwa pantoni pale Ndundu, baada ya kusubiri kwenye foleni mpaka watu wakaanza kupika kando ya barabara. Mbele huko basi lilikwama kwenye tope mara mbili, tukashuka kusukuma. Nilifika usiku wa pili, suruali tope mpaka magotini, kisu kimo kwenye begi, kimezungushiwa gazeti na fulana.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekonda. Mjini hakuna chakula?"

Nikakitoa. Bibi akakisogeza kwenye kibatari, akapitisha kidole gumba juu ya noleo, akatabasamu. "Kizuri," akasema. "Hiki cha sultani hiki." Akakichomeka kwenye makuti ya ukuta wa jikoni, juu kabisa.

Asubuhi akaparia samaki kwa kile cha plastiki.

Nikasema labda amesahau. Mchana mihogo, cha plastiki. Kesho yake vilevile. Nikamuuliza, "Bibi, mbona hukitumii kisu chako?"

"Nakitunza, mume wangu."

Sasa mtu hatunzi kisu kilichofuliwa kabla baba yako hajaoa. Nilinyamaza, lakini lilinikaa. Siku ya tatu nilitoka kuoga nikamwona kupitia upenyo wa makuti, amekishika cha mpingo, mbele yake samaki. Alikata mara moja, mpini ukamzunguka mkononi. Akafuta mkono kwenye kanga, akashika tena, ukateleza tena. Akakirudisha pale juu, akachukua cha plastiki. Hakujua kama nimemwona.

Alipokwenda kisimani nilikichukua mwenyewe, nikalowanisha mkono kwa utelezi wa yule samaki. Kweli, kama kushika sabuni. Ule mng'ao wote niliousugua ndio ulioharibu kazi. Na uzito: mpingo ulikuwa umekizidi chuma, kisu kinalalia nyuma, ncha inapanda juu yenyewe. Lakini lililonichoma zaidi ni jingine. Kidole cha shahada cha bibi kilikuwa hakikunjiki tangu alipochomwa na mwiba wa samaki hongwe, kabla mimi sijazaliwa. Akishika kisu, kile kidole hukaa kimenyooka juu ya mgongo wa chuma. Nimekiona kidole kile maisha yangu yote; kimenilisha uji. Na mpini niliuchonga kwa kipimo cha ngumi yangu, mviringo mzuri, mnene, pasipo mahali pa kukiweka.

Nilimwambia usiku, tukiwa tumekaa. Akakana kwanza. "Kisu hakina ubaya. Mkono wenyewe ndio mbovu." Nikasema mkono sitaweza kuubadilisha, nitabadilisha mpini. Akacheka. Tukaishia hapo.

Alfajiri aliniamsha. Alikuwa ameshika mhogo uliomenywa, mweupe, unadondosha maji. Akaukata kipande cha shibiri moja, akaanza kuuchonga kwa kile kisu cha plastiki, anachonga anashika, anachonga anashika, hasemi kitu. Alipunguza tumbo lake. Akaacha kisigino kidogo nyuma cha kuzuia kiganja. Juu akaupiga bapa, akalaza pale kidole chake kibovu, akapunguza tena kidogo, akalaza tena. Kisha akanikabidhi.

"Kama hivi. Na ufanye haraka, utanyauka."

Mpera ulikuwepo nyuma ya nyumba, nikachukua panga. Bibi akaniita. Mti mbichi utasinyaa na kisu kitacheza ndani, hilo mwanafunzi wa mwaka wa pili alipaswa kulijua. Akanyoosha mkono kwenye uchaga juu ya mafiga, akavuta fimbo ya mpera nyeusi tititi kwa moshi. Babu aliiweka pale iwe mpini wa shoka, akafariki kabla ya kuitumia. Bibi hakusema zaidi ya hilo, na mimi sikuuliza. Nilipokwangua masizi, ndani ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, mkavu, mgumu, bila ufa.

Kuutoa ule wa mpingo kulikuwa hakuna njia ila kuupasua. Nikiupasha moto gundi ingelegea, lakini na chuma kingepoteza makali yake. Niliweka patasi, nikafumba macho, nikapiga. Ukafunguka nusu mbili safi, noleo likaruka mpaka kwa kuku.

Mpera ulikubali moto. Chuma nilikizungushia kitambaa kibichi na kukichomeka kwenye kipande cha mgomba ili joto lisipande kwenye makali, mkia peke yake ukae kwenye mkaa. Ukiiva mwekundu, unausukuma kwenye tundu, moshi unatoka, unachomoa, unaurudisha motoni. Mara nne. Ya mwisho niliacha bila kufika, nikatia vipande vya dumu vilivyoyeyuka, nikasimamisha kisu ncha juu na kugongesha kitako cha mpini kwenye gogo mpaka chuma kikashuka chenyewe na kukaa. Kisha tupa, huku mhogo umelala pembeni kwenye kitambaa cha maji. Napima kwa uzi, natia alama ya mkaa juu ya mhogo, napunguza. Msasa sikupiga. Michirizi ya tupa niliiacha.

Saa tisa hivi bibi alikuwa na vibua kwenye sinia. Nikampa kisu bila kusema kitu. Akalowanisha mkono, akalaza kidole, akapasua wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ndipo alipoinua macho.

"Leta ndimu," akasema.

Nusu moja ya mpingo aliisukuma chini ya mguu wa kitanda uliokuwa mfupi, nyingine sijui iliishia wapi. Ule mhogo wa mfano aliusuuza akautia sufuriani pamoja na mingine, akaupika kwa nazi. Niliupata kwenye sahani yangu, alama moja ya mkaa ikiwa bado haijatoka.