Jinsi nilivyotoka kwenye Vim bila kuzima kompyuta

Basi jana usiku niko kwenye seva nataka kubadilisha namba ya poti tu, mstari mmoja, nikafungua faili na Vim, programu ya kuhariri maandishi, nikaanza kuandika, herufi hazitokei, mara mistari inafutika, mara inaungana, nikabonyeza kila kitu hadi Ctrl+C, wapi! Zamani ningefunga dirisha zima nikalale zangu.

Kumbe Vim ikifunguka haiko tayari kuandika, kila herufi ni amri. Unabonyeza i ndo unaandika, ukimaliza Esc, halafu :wq kusevu na kutoka, ila kama umeharibu basi :q! inakutoa bila kusevu. Na kilichokuwa kinaunganisha mistari ni Caps Lock niliiacha imewaka, j ndogo inashusha kasa (ile alama ya kuonyesha ulipo kwenye maandishi) chini ila J kubwa inaleta mstari wa chini uungane na huu uliopo. Nikaizima, nikapiga u ndogo mara kadhaa, faili likarudi kama lilivyokuwa.

Baadaye nikaandika vimtutor kwenye terminali, ni somo la kujifunza Vim, kama nusu saa hivi, dd kufuta mstari, p kuupachika kwingine. Herufi h, j, k na l za kusogeza kasa bado zinanichanganya, natumia mishale tu, wanaocheka wacheke.