Siku ya kwanza Montreal na dada angu

Jamani Montreal, huku Canada, kuna baridi, si ile ya kuvaa sweta ukasahau, hii inaingia mpaka ndani ya pua, ukivuta pumzi unahisi vinyweleo vinaganda. Nimeamka saa tisa usiku macho makavu kabisa maana mwili bado unahesabu saa tano asubuhi, kipindi hiki huku wako nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 8, nikakaa dirishani naangalia theluji mpaka dada akaamka akaniambia mdogo wangu leo hulali mchana, tunatoka.

Akanivalisha koti lake, akanifunga skafu mwenyewe mpaka masikioni, tukashuka kupanda metro. Metro yao nimeipenda mno, ipo tangu 1966, treni zinatembea kwa matairi ya mpira na njia yote iko chini ya ardhi kwa hiyo theluji haiigusi. Na huko huko chini kuna njia za miguu, zote pamoja zinafika kama kilomita 30, zinaunganisha stesheni, maduka na maofisi, watu wanapita makoti wameyafungua kabisa.

Mchana tukapanda Mont Royal, mlima wenyewe mita 233 tu ila pale juu unauona mji mpaka mto Saint Lawrence. Usingizi ukanikamata nikiwa nimesimama, dada akanishika mkono akaanza kunipigia stori za mama ili nisisinzie. Miaka yote hii tulikuwa tunaonana kwenye simu tu, nimefurahi sana. Kesho ni kanisa la Notre-Dame, nimeshamwambia aniamshe hata nikigoma.