Nusu kilo ya kamba kwa wiki

Kipimo changu cha naitreti, ile taka ya nitrojeni inayorundikana kwenye maji ya samaki, kina kadi ya rangi inayoanzia njano na kuishia nyekundu ya damu. Hiyo nyekundu ya mwisho imeandikwa 160, yaani miligramu 160 kwa lita. Mwezi wa kwanza mwaka huu maji ya tangi langu la samaki, nilipoyatia dawa ya kipimo, yalikuwa mekundu kuipita. Ikabidi nichukue sehemu moja ya maji ya tangi, nichanganye na sehemu tatu za maji ya chupa ambayo nilishayapima na kukuta hayana kitu, kisha jibu nilizidishe mara nne. Nikapata 50. Mara nne, 200.

Tangi liko sebuleni kwangu Mbezi Beach. Urefu wake mita mbili na nusu, upana sentimita 70, kimo sentimita 70. Ukitoa mawe na mchanga, linabeba kama lita 1,100 za maji ya bahari. Humo wanaishi kangaja wawili, chafi wanne, vitatange watatu, na bunju mmoja ambaye binti yangu humsalimia kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Matumbawe hai sina. Sisi wa samaki watupu hatubanwi na naitreti kama wenye matumbawe, wengi wetu tunalenga kukaa chini ya 40 basi. Lakini 200 hapana. Kangaja walikuwa wamepauka, kioo kinaota ukoga kila baada ya siku mbili, na bunju alianza kutema chakula.

Kilichoniumiza ni kwamba nilikuwa nabadilisha maji kila Jumapili bila kukosa, lita 220, yaani madumu 11. Maji naletewa na mzee mmoja mwenye boti pale Kunduchi, anachota bahari ikiwa imejaa, mbali na ufukwe. Kipindi cha masika, mvua ikitoka kunyesha, hakubali kabisa.

"Shikamoo mzee. Leo nitapata?"

"Marahaba mwanangu. Leo huchukui maji hapa. Mvua ya juzi yote imeshuka baharini, mito imeleta uchafu wa mji mzima. Subiri siku tatu nne."

Nasubiri. Yeye bahari anaijua kuliko mimi.

Sasa, madumu 11 kila wiki, na bado 200? Nikakaa na daftari. Jumapili kabla ya kubadilisha, 200. Nikishabadilisha moja ya tano ya maji, 160. Jumapili inayofuata, 200 tena. Maana yake kwa wiki moja tangi linazalisha 40, na mimi kwa wiki moja natoa 40. Nilikuwa nakimbia palepale. Hii hesabu naomba uishike vizuri: ukibadilisha moja ya tano ya maji kila wiki, tangi litatulia kwenye mara tano ya kile kinachoongezeka kwa wiki. Linaongeza 40, litasimama 200. Linaongeza 10, litasimama 50. Ukitaka kushinda kwa madumu peke yake, mgongo utakatika na mzee wa boti atajenga ghorofa. Cha kushika ni ile 40. Inatoka wapi?

Ilitoka mkononi mwangu. Nilikuwa nanunua kamba na ngisi pale soko la samaki Feri, nakatakata, nagandisha kwenye vifuko, nalisha mara tatu kwa siku. Nilipoanza kupima kwenye mizani ya jikoni, ilikuwa nusu kilo kwa wiki. Chakula hicho kina protini nyingi, na protini ina nitrojeni. Samaki anajijengea mwili kwa sehemu ndogo tu, inayobaki inatoka kama amonia. Bakteria wanaigeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti, na hapo safari inaishia, kwa sababu bakteria wa kuivunja naitreti iwe gesi wanataka mahali pasipo na hewa ya oksijeni, ndani kabisa ya mawe na chini ya mchanga. Mahali hapo kwenye tangi langu ni padogo.

Nikapunguza chakula nusu. Sasa nalisha mara moja kwa siku, na kamba akishayeyuka barafu namsuuza kwenye chujio la chai, yale maji yake ya mawingu namwaga kwenye sinki. Zamani nilikuwa nayamimina yote humo humo tangini. Wiki mbili za kwanza binti alinilaumu kwamba namnyima bunju wake. Bunju ana tabia ya kuomba, akikuona anapanda juu na kupiga mdomo kwenye kioo, na mtu mwenye huruma anashindwa. Lakini hakukonda.

Kisha nikageukia tangi la chini, lile la kuchujia. Kulikuwa na sponji tatu na sanduku la mipira ya plastiki ambayo sikuigusa kwa miezi mingi, nikiamini kuisumbua ni kuua bakteria. Nilipokamua sponji ya kwanza kwenye ndoo, maji yalitoka kama uji wa ulezi. Chakula na kinyesi vimekaa pale vinaoza na kugeuka naitreti saa 24. Tangu hapo nasafisha sponji moja kila wiki, kwa maji ya tangi lenyewe. Maji ya bomba yana klorini, hayo ndiyo huua bakteria.

Kitu kimoja sikukitarajia. Kwa joto letu hili maji hukauka kama lita kumi kwa siku, na nilikuwa najazia kwa maji ya kisima. Siku moja nikaamua kuyapima na hayo: yalisoma kati ya 50 na 80. Kwa tangi ule ulikuwa mchango mdogo, naitreti kama tatu hadi tano kwa wiki. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maji ya kunywa kuwa 50, na hatari kubwa ni kwa watoto wachanga wanaokorogewa maziwa kwa maji hayo. Kuchemsha hakuiondoi naitreti, ndiyo kwanza inazidi kukolea. Mtaani kwetu visima na mashimo ya vyoo viko jirani mno. Nikaenda kwa jirani mwenye mtoto wa miezi minne, nikampimia cha kwake akiona kwa macho. Kama una kisima na una kipimo, fanya hivyo hata kama huna samaki.

Kufikia mwezi wa tano tulikuwa 90. Hapo ndipo nilipoanza siki. Siki nyeupe ya dukani, ile ya asilimia 5, isiyo na viungo wala rangi. Bakteria wakipata kaboni ya siki wanaongezeka, na katika kujijenga wanaichota naitreti majini, kisha skima, mashine inayopuliza mapovu na kukusanya uchafu, inawatoa pamoja na povu. Kama huna skima nzuri, siki usiiguse. Nilianza na mililita 10 kwa siku, asubuhi tu, nikaongeza 10 kila wiki.

Nilipofika mililita 60 nilipata msiba. Umeme ulikatika saa tisa usiku, skima na pampu zikasimama. Bakteria wale wengi niliowalisha wanavuta oksijeni ileile wanayovuta samaki, na maji ya nyuzi 29 hayashiki oksijeni nyingi. Niliamka saa kumi na moja nikakuta samaki wote juu, midomo nje ya maji. Nilikoroga kwa mkono na jagi, nachota na kumwaga kutoka juu, mpaka umeme uliporudi saa moja. Kitatange mkubwa hakupona. Leo kuna pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe umeme ukikatika, na siki imebaki mililita 40, haipandi tena. Hiyo pampu ilitakiwa itangulie siki.

Mwisho niliweka mwani. Shemeji yangu wa Unguja aliniletea mashada mawili ya ule wanaolima pwani, nikauweka tangi la chini na taa inayowaka usiku. Juu haukai hata siku moja, chafi wanautafuna wote, waulize wakulima wa mwani. Kila nikikata shada na kulitoa, naitreti iliyojenga shada hilo imetoka nalo.

Jumapili iliyopita binti alishika kichupa yeye mwenyewe. Alikitikisa dakika nzima nikihesabu, maana dawa ya pili ya kipimo isipotikiswa vya kutosha inakudanganya kwamba maji ni safi. Tukasubiri dakika tano. Hatukuchanganya na maji ya chupa safari hii. Akakiweka juu ya kadi, akakisogeza kushoto, akasogeza tena kushoto, akakiacha penye rangi ya chungwa.

"Baba, 20 au 40?"

Tukakipeleka dirishani kwenye mwanga. Tukaandika 30.